Sura ya Saba: Usukani na Daftari

Mwezi wa Februari mwaka 1887, katika mji wa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye bara yote ilimjua kwa jina la Tippu Tip, aliridhia mkataba uliomtoa katika uongozi wa misafara na kumtia katika orodha ya waajiriwa: kwamba atakuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kwamba atalipwa pauni 30 kila mwezi. Mtu aliyetoka pwani akafika Kasongo kwa miguu, akaufanya mji huo makao yake na kuihesabu mali yake kwa pembe za ndovu, sasa akawa anangoja mwisho wa mwezi. Wanahistoria hushughulika na siasa ya mkataba huo, na haki yao. Mimi katika sura hii nina haja na kifungu kimoja ambacho aghalabu hupitiwa mbio, nacho ni kile kilichosema kwamba wali atawekewa afisa wa Dola akae naye, awe katibu wake katika barua zote za kwenda kwa wakubwa. Maana yake ni kuwa bwana wa njia, aliyejua kila kivuko na kila mtemi baina ya Ujiji na Nyangwe, aliingia ofisini akakuta kalamu imekwisha kushikwa na mtu mwingine.

Sisemi haya kwa kumsifu. Njia aliyoitawala ilikanyagwa na watu wenyewe wa Maniema, nchi ya Kasongo na Kabambare mashariki ya Kongo, wengi wao wakiwa na pembe begani na mnyororo shingoni, na Kabambare, iliyokuwa kituo cha misafara baina ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba, iliujua utumwa kabla ya kuijua barabara. Nasema kwa sababu uchukuzi wa nchi hii, tangu siku zile mpaka zama zetu za malori, umesimama juu ya watu wawili wasiofanana, yaani yule anayekwenda na yule anayeandika. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, alijua maji ya kunywa yako wapi. Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekaa Unguja na kumkopesha Tippu Tip bidhaa za safari zake, alijua deni limefika wapi, wala hakuwa na haja ya kulowesha miguu yake katika mto Luama ili apate faida ya kilichovushwa pale. Ni nadra kumwona mtu aliyekuwa wa kwanza akageuka kuwa wa pili, na huyo ndiye ninayemtafuta: dereva aliyeacha usukani akakaa mezani, katika biashara ileile, ya magari yaleyale.

Dola ilipoiteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare mwaka uliofuata, misafara ya kale ilikufa lakini masafa hayakupungua. Reli iliyofunguliwa mwaka 1911 kati ya Kindu na Kongolo ilipita magharibi ya Lualaba, ikaiacha Kasongo ng'ambo ya pili na mto mpana katikati. Tangu mwaka 1917 wakulima wa Maniema walilazimishwa kulima pamba, na mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya COTONCO iliyoinunua na kuichambua. Na maadamu pamba haina miguu, yalihitajika malori ya kuifikisha mtoni na relini. Ndipo alipozaliwa dereva wa Maniema, na pamoja naye karani wa Maniema, na baina yao ukuta. Karani alitoka katika shule ya misheni na Kifaransa chake. Dereva alitoka chini ya gari, ambako alianza kwa kupaka grisi na kuweka gogo nyuma ya gurudumu, mpaka siku aliyoruhusiwa kulisogeza gari uani huku bwana wake akitazama. Wa kwanza aliitwa msomi, wa pili aliitwa fundi, na hapakuwa na ngazi ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Ukuta huo ulibomolewa na vita. Katika miaka ya 1998 mpaka 2003 barabara za kusini ya Maniema ziliota miti, treni ikasimama, na mizigo ikarudi katika miguu ya watu: vijana walisukuma baiskeli zilizosheheni chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kati ya Kasongo na Kindu, mwendo wa kilomita zipatazo 240, baiskeli ikiwa na fimbo iliyofungwa kwenye usukani ili mtu aiongoze akiwa ubavuni, kwani juu yake hapakuwa na nafasi ya kukaa. Malori yaliporejea, matajiri wapya walikuwa wafanyabiashara wenye magari mawili au matatu, aghalabu Fuso zilizokwisha kuchoka katika nchi nyingine, na tajiri wa namna hiyo hana haja ya msomi wa kumpambia hesabu. Anataka mtu wa kumwambia, kabla hajalipa dizeli, kama gari litafika.

Na kufika si jambo dogo. Kutoka Kasongo mtu huenda kaskazini mpaka Kindu, au kusini mpaka Kongolo, au hukata kaskazini-mashariki kupitia Kamituga mpaka Bukavu, au huelekea mashariki Kabambare, na kutoka huko, kwa Salamabila na Lulimba, hushuka Fizi na Ziwa Tanganyika. Baina ya Kasongo na Kabambare ni zaidi kidogo ya masafa ya Dar es Salaam na Chalinze, ambayo lori la Tanzania huyamaliza asubuhi moja na dereva akapata wasaa wa supu. Huku, mvua zikishika, masafa hayohayo yaweza kula juma zima, na siku nyingine zisizo na hesabu ikiwa gari lililotangulia limezama katikati ya njia na nyuma yake foleni imeota kijiji, chenye wapishi, wauza sigara na watu wa kukodiwa kwa majembe.

Basi kwa nini dereva aondoke njiani? Jawabu la kwanza ni kiuno. Mtu aliyeketi miaka ishirini juu ya kiti kilichokwisha springi, akipigwa na mashimo kutoka chini na akivuta usukani mzito kutoka juu, hufika umri ambao kushuka garini kwamtaka ashike mlango kwa mikono miwili, na macho yake, yaliyokuwa yakiona jiwe usiku kabla ya taa kulifikia, huanza kumpa mawe yasiyokuwapo. Hata hivyo kiuno peke yake hakitoshi kumtoa, maana usukani una riziki mbili. Ya kwanza ni mshahara. Ya pili ni njia yenyewe: posho ya safari, nauli ya abiria wanaopanda juu ya mzigo, gunia la mpunga lililonunuliwa kijijini kwa bei ya kijijini na kuuzwa mjini kwa bei ya mjini. Ofisi hutoa riziki moja tu, nayo hutoka mwisho wa mwezi, ikitoka. Mke wa dereva huujua ukweli huu kabla ya mumewe kuukiri, kwa sababu ni yeye anayeona kwamba samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika hawaingii tena jikoni, na mkungu wa ndizi uliokuwa ukishushwa pamoja na mume sasa hununuliwa sokoni kwa fedha taslimu. Nimewasikia watu wakisema kwamba kutoka usukanini kwenda ofisini ni kupanda cheo. Kwa hadhi labda ni kupanda. Kwa mfuko, katika miaka ya mwanzo, ni kushuka, na tajiri asiyemweleza mtu wake jambo hilo waziwazi asishangae akimkuta baada ya miezi michache anauza nafasi za mizigo kwa siri.

Ofisi yenyewe msomaji asiifikirie kwa mfano wa zile za Mombasa, zenye viyoyozi na ramani za mwanga. Ni chumba kando ya ghala: meza, benchi la wenye mizigo, simu mbili kwa kuwa mtandao mmoja hautoshi, mhuri na kidau chake, na daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula, ambalo ndilo moyo wa kazi. Na ukitazama nyuma ya mlango utaona kijiti chembamba kilichokatwa alama kwa kisu. Hicho ni kipimo cha tangi. Gari likirudi, kijiti huzamishwa, hutolewa, hutazamwa upesi kwenye jua kabla dizeli haijakauka, na alama iliyolowa huandikwa mkabala wa ile ya siku ya kutoka. Karani wa shule huandika tofauti akafunga daftari. Dereva wa zamani hutoka kwanza nje akatazama gari limesimamaje, kwa kuwa anajua kwamba lori likiegeshwa mteremkoni mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, na kijiti husema lita ambazo hazipo. Amelijuaje hilo? Msomaji asimuulize.

Elimu ya namna hii hudhihirika zaidi katika simu. Yapata magharibi, kijana anapiga kutoka njia ya Kabambare, na mazungumzo huwa kama haya:

"Papa, gari limelala."

"Pole, mwanangu. Limelala wapi?"

"Matopeni, Papa. Toka jana."

"Daraja umeliacha nyuma au liko mbele yako?"

Hapo kijana hunyamaza kidogo. "Liko mbele, Papa."

"Na huo muziki ninaousikia ni wa vyura?"

Karani wa shule angaliandika "matope" katika daftari akamtumia kijana fedha za kukodi watu wa majembe. Huyu wa pili ameshajua kwamba gari limesimama kijijini penye baa, kwamba injini haina ugonjwa, na kwamba ikiwa atasema neno la nusu tu, bila kutukana na bila kumwambia tajiri, gari litaondoka alfajiri. Sifa yake iko katika neno hilo la nusu. Maana wako waliotoka usukanini wakageuka kuwa wakali kupita wakoloni: kila hila waliyoifanya wao wakaifukuza kwa wenzao kwa bidii ya mtu anayefukuza kivuli chake, wakakata mishahara, wakahesabu hata kamba za turubai, mpaka madereva wema wakahama na wakabaki wale wanaojua kuiba vizuri zaidi. Na wako waliokuwa laini mno, ambao kila aliyefika na hadithi walimwamini kwa kuwa ni hadithi yao wenyewe ya zamani. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nitamchukua yule aliye laini, kwa sababu huyo hufundishika.

Sasa nije kwenye kalamu. Kusini ya Maniema watu huongea Kiswahili sokoni, msikitini, kanisani na garini, walakini karatasi huongea Kifaransa. Hati ya safari, orodha ya shehena, stakabadhi za ukaguzi wa OCC, malipo ya forodha ya DGDA kwa kilichovuka mpaka, risiti ya FONER kwa ajili ya matengenezo ya barabara, bima, barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya kuhusu kizuizi kilichozuka juzi na kamba yake na wanaume wake watatu: yote haya yana lugha yake, na dereva aliyemaliza shule ya msingi huyajua kwa rangi ya mhuri na kwa ukubwa wa karatasi, kama alivyokuwa akiyatoa dirishani, kuliko anavyoyajua kwa maneno. Wengi humwita binti au kijana wao wa sekondari jioni akae nao mezani aandike. Hapo ndipo kifungu cha mkataba wa 1887 kinaponirudia akilini, kwani anayekuandikia barua zako ndiye anayejua mambo yako yote, na heri awe mwanao kuliko afisa wa Leopold. Lakini mtoto huoa au huolewa, au huenda Kindu chuoni, na kazi hubaki. Dereva anayetaka kudumu ofisini sharti ajifunze mambo mawili ambayo barabara haikumfundisha: kuandika sentensi ya Kifaransa isiyo na shaka ndani yake, na kugawanya gharama ya safari kwa uzito wa mzigo, tani kwa tani, mpaka ajue kwamba safari iliyoonekana na faida wakati tajiri anahesabu nauli ilikuwa na hasara tangu tairi la pili lilipopasuka.

Kwingineko duniani yuko dereva mmoja aliyeingia ofisini akaigeuza dunia, nami namtaja kwa sababu kisa chake huanza kwa pamba kama chetu. Malcom McLean, Mmarekani wa North Carolina aliyezaliwa mwaka 1913, aliingia katika uchukuzi mwaka 1934 akiwa na lori kuukuu aliloliendesha mwenyewe. Husimuliwa kwamba alipeleka marobota ya pamba bandarini mwaka 1937, akakaa kutwa nzima akiwatazama wapagazi wakiyashusha robota moja moja kutoka magarini na kuyapandisha melini, akawaza kwa nini gari zima lisinyanyuliwe na kilichomo. Wazo hilo lilingoja mpaka tarehe 26 Aprili 1956, meli yake ya Ideal-X ilipoondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya alumini, nayo ndiyo makontena ambayo leo yamejaa Mombasa na Dar es Salaam. Mhandisi wa bandari alikuwa na elimu kumshinda McLean. Lakini mhandisi hakuwa amekaa kutwa ndani ya lori akingoja. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba sanduku la McLean aghalabu haliifikii Kasongo likiwa zima: hufunguliwa huko kwenye maziwa, Uvira, Kalemie au Bukavu, na kilichomo hupakiwa kwa mikono, katoni kwa katoni, katika Fuso zilezile, wakati dereva amekaa kivulini akitazama kama alivyotazama yule Mmarekani.

Liko badiliko moja kubwa kupita kiuno, mfuko na kalamu. Dereva huhatirisha roho yake mwenyewe. Akifika penye daraja la magogo hushuka, hulitazama, hulikanyaga kwa mguu, kisha huamua, na akikosea hulipa yeye. Akishakaa mezani, roho inayohatirishwa ni ya mwingine, naye hupiga mhuri.

Katika Kabambare jambo hili halina mzaha. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada na kusimamishwa mwaka 2019, ulivuta malori kutoka mbali sana, hata kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, yenye usukani wa kulia na madereva waliozoea kushika kushoto kwa njia, wakaingia nchi inayoshika kulia na penye barabara isiyo na upande wowote. Mwezi wa Septemba mwaka huo wa 2016 madereva wa Kitanzania na Kikenya walitekwa huko na wapiganaji wa Mai-Mai, baadhi ya malori yakatiwa moto, fidia ikadaiwa, hata jeshi la Kongo likawaokoa. Baada ya hapo misafara ya mgodi ilishambuliwa tena na tena, na kundi la Mai-Mai liitwalo Malaika lilijulikana katika njia zile kuliko alama zozote za barabarani.

Kila lori katika yale lilikuwa limeandikwa katika daftari fulani, katika ofisi fulani, na mtu alitia sahihi litoke. Sidai kwamba mtu huyo alikuwa na hatia. Nasema tu kwamba kama alikuwa dereva zamani, alikuwa na njia ya kujua ambayo mwingine hana: huwapigia simu wauza chai wa njiani, huuliza kama soko la jana lilijaa wanawake au wanaume watupu, huuliza kama malori ya sukari yamepita au yamegeuza, na akisikia yamegeuza hana haja ya kungoja tangazo la serikali. Maarifa haya ndiyo thamani yake yote. Nayo hayana faida hata chembe ikiwa tajiri, aliyekwisha kupokea nauli, aweza kumwambia, "Mzee, wewe andika tu, gari litoke," naye akaandika.

Matajiri wa malori wa Kasongo, na wa Kabambare ambako magari ni machache na hasara ya moja huuangusha mji, hupenda siku hizi kuwaita madereva wao wazee wakae ofisini, na wafanya vyema. Nawaomba waongeze jambo moja lisilowagharimu hata faranga: wawape idhini ya kukataa. Na dereva atakayeitwa, kabla hajauliza mshahara ni kiasi gani na kiti chake kiko wapi, na aulize kama sahihi yake yaweza kulizuia lori lisitoke siku ambayo tajiri anataka litoke. Akijibiwa kwamba haiwezi, na abaki na usukani wake.